Kampuni ya Tallinn, Meza ya Tanga

Kwa muda mrefu, nikiulizwa kampuni yangu iko wapi, nilijibu "Tallinn," na nilijibu haraka bila kuongeza neno. Jibu lenyewe si la uongo. Jina la kampuni limo kwenye rejista ya biashara ya Estonia, namba yake ya usajili ni ya huko, na anwani yake ni ya jengo ambalo sijawahi kulikanyaga. Lakini hakuna ankara hata moja iliyotoka kwa jina hilo ambayo sikuiandika Chumbageni, Tanga, kwenye meza ileile ninayolia chakula. Nimeishi na mambo haya mawili kwa miaka kadhaa, kila moja la kweli, na ndiyo kwanza naanza kujifunza kuyasema kwa pumzi moja.

Mimi ni mfasiri wa kujitegemea. Natafsiri maneno ya kwenye vitufe vya programu za simu, maelekezo ya kufungua akaunti, na yale masharti marefu ambayo watu huyakubali bila kuyasoma. Wateja wangu wako Amsterdam, Berlin, Toronto. Wengi wao sijawahi kusikia hata sauti zao. Kazi ilikuwepo. Kilichokuwa kigumu ni kulipwa. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania iliweza kununua lakini haikuweza kupokea, na pesa iliyotumwa benki kwa benki ilipita mikono ya kati, kila mmoja akimega chake, hata ikifika huku imepungua kwa kiasi ambacho nisingeweza kukikadiria mapema. Kisha mteja mmoja mkubwa akaniandikia kwa adabu kwamba kuanzia mwaka unaofuata wangefanya kazi na kampuni tu, si na mtu binafsi. Sikuumia kwa ajili ya pesa peke yake. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimewafanyia kazi vizuri, na kumbe mbele ya karatasi zao nilikuwa sionekani.

Nikitazama nyuma, sina hakika kama nilichokitafuta baada ya hapo kilikuwa kampuni au kilikuwa kuonekana. Ningeweza kwenda BRELA, wakala wa usajili wa kampuni hapa Tanzania, ambao siku hizi husajili kwa mtandao. Nilijiambia kwamba kampuni ya Tanzania isingenifungulia njia za malipo nilizozihitaji, na hiyo ilikuwa sababu ya haki. Chini yake palikuwa na sababu nyingine, ndogo na tamu, ambayo sikuitaja kwa mtu: nilipenda wazo la kusema nina kampuni Ulaya.

Estonia ni nchi ya watu wapatao milioni 1.3 iliyorejesha uhuru wake mwaka 1991, na ni miongoni mwa nchi zilizohamishia shughuli za serikali kwenye kompyuta mapema kuliko nyingi. Desemba 2014 ilianza kuwapa wageni kitambulisho cha kidijitali, ili mtu aliye popote aweze kuanzisha na kuendesha kampuni ya huko bila kwenda. Wa kwanza kupewa alikuwa Edward Lucas, mwandishi wa habari wa Uingereza, na tangu hapo waliokichukua wamepita 100,000. Mpango huo huitwa ukaazi wa kidijitali. Maelezo ya Estonia yenyewe ni ya wazi: si uraia, si viza, si ruhusa ya kuishi, na haubadilishi mahali mtu anapodaiwa kodi. Niliyasoma maneno hayo yote kabla ya kuomba. Ninaloshangaa leo ni jinsi macho yanavyoweza kupita juu ya sentensi nzima, moyo ukiwa umeshatangulia ukurasa wa pili.

Kadi yangu niliichukua mwaka 2022 katika ubalozi wa Estonia, London, nilipokwenda kwa kazi ya ukalimani. Walichukua alama za vidole, wakanipa bahasha yenye kadi isiyo na picha, na kisomaji kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Kadi ina namba mbili za siri. Ya kwanza, yenye tarakimu nne, ni ya kuingilia. Ya pili, yenye tarakimu tano, ni ya kutia saini. Mwanzoni niliona ni usumbufu tu. Baadaye nikaanza kuupenda utaratibu huo, kwa sababu unamlazimisha mtu atulie baina ya kuingia na kukubali. Unafungua mlango kwa namba moja, unatazama, unasoma, na ikiwa kweli unataka kufungika na ulichokisoma, ndipo unapoandika namba ya pili. Saini hiyo ina nguvu ileile ya saini ya wino katika Umoja wa Ulaya mzima.

Usiku niliosajili kampuni nilikuwa peke yangu mezani. Nilijaza jina, nikachagua aina ya shughuli, nikaweka anwani na jina la mtu wa mawasiliano, kwa maana kampuni ambayo uongozi wake uko nje ya Estonia lazima iwe na mtu mwenye leseni huko wa kupokea barua rasmi, naye hulipwa. Ada ya serikali kwa usajili wa mtandaoni siku hizi ni euro 265. Mtaji wakati ule haukuwa chini ya euro 2,500, ila uliruhusiwa kuahirishwa, kwa sharti kwamba usijigawie faida mpaka uulipe; sharti la kiwango hicho liliondolewa Februari 2023, na sasa mtaji unaweza kuwa senti moja. Hakuna aliyeniuliza mimi ni binti wa nani. Hakuna aliyeniambia njoo kesho, mhusika ametoka. Nilipoandika ile namba ya pili nilijisikia nimetambuliwa, na sitaki kuidharau hisia hiyo hata leo. Wengi wetu tumesimama kwenye madirisha mengi mno kuweza kuidharau.

Ila nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa kilichonitambua. Mashine ilijua kwamba aliyeshika kadi anazijua namba. Zaidi ya hapo haikujua kitu, wala haikudai kujua.

Benki ndiyo iliyonionyesha tofauti. Nilidhani kampuni ikishasajiliwa, akaunti itafuata kama kivuli. Benki moja ya huko ilinijibu kwa barua fupi, ya heshima, kwamba haikuona uhusiano wa kutosha baina ya kampuni yangu na Estonia. Nilikasirika sana. Niliona serikali inanikaribisha sebuleni na benki inanifungia jikoni. Muda ulipita kabla sijasoma vizuri habari za tawi la Danske Bank la Estonia, ambako kati ya mwaka 2007 na 2015 zilipita takriban euro bilioni 200 za wateja wasio wakaazi, sehemu kubwa ikiwa pesa za kutiliwa shaka. Benki ya nchi iliyopitia mambo ya namna hiyo ina haki ya kumuuliza mgeni, "Wewe na sisi tunajuana kwa lipi?" Nami, nikiondoa kadi, sikuwa na la kujibu. Hatimaye nilipata akaunti kwenye kampuni moja ya fedha ya mtandaoni, kazi ikaendelea. Lile swali sikulisahau.

Pesa zilipoanza kuingia, nilikutana na jambo ambalo hakuna tangazo linaloligusa. Kampuni ni mtu mwingine. Sheria inamhesabu hivyo: ana jina lake, deni lake, mali yake. Mtu huyo hana mikono ila yangu, hana simu ila yangu, na bado pesa yake si yangu. Mwanzoni nilikuwa nikiona salio la akaunti, kisha nawaza ada ya shule na bati la jikoni, na vidole vinakwenda vyenyewe. Ilinibidi nijizoeze kuliona lile salio kama kibubu cha mwenzangu nilichoachiwa nikitunze. Tuliolelewa kwa kuambiwa kwamba amana ni mzigo tungepaswa kulielewa hili upesi, lakini amana huwa rahisi kuitambua inapotoka kwa jirani, na ngumu inapotoka jasho lako. Nilianza kuandika kila kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na sidhani waliwaza rejista ya Tallinn, ila wangeielewa.

Na hapo ndipo penye ule mvuto ambao watu wengi huutaja kwanza. Tangu mwaka 2000 Estonia haitozi kodi ya faida inayobaki ndani ya kampuni. Kodi huja siku faida inapogawiwa. Kwa viwango vya sasa, tangu 2025, kampuni ikimgawia mwenye hisa euro 78, inalipa euro 22 kwa serikali ya huko. Ukiiacha faida ndani, hailipi kitu. Mpango huu ulikusudiwa kuzifanya kampuni zikue kabla ya kukamuliwa, na nadhani ni mpango wa busara kwa kampuni zinazokua Estonia. Mimi niliuchukulia kuwa habari njema inayonihusu mzimamzima. Mwaka wa kwanza niliwasilisha ripoti ya mwaka kabla ya mwisho wa Juni, kama inavyotakiwa kwa mwaka wa hesabu unaoishia Desemba, nikafunga kompyuta nikiwa na amani. Amani hiyo ilidumu mpaka nilipokwenda kwa mhasibu mmoja mzee, hapa mjini, kwa jambo jingine kabisa.

Nilikuwa nimempelekea hesabu za duka la dada yangu. Katika mazungumzo nikataja kampuni, kwa majivuno kidogo nadhani. Akavua miwani.

"Hiyo kampuni, nani anakubali kazi?"

"Mimi, mzee."

"Bei anapanga nani?"

"Mimi."

"Anayetia saini?"

"Mimi pia."

"Ukiwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi, binti?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Alitoa kwenye rafu nakala yake ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, iliyochakaa kingo, akanionyesha kwa kidole. Kampuni huhesabiwa kuwa mkaazi wa Tanzania ikiwa imeundwa kwa sheria za hapa, au ikiwa wakati wowote ndani ya mwaka wa mapato usimamizi na udhibiti wa shughuli zake unafanyika hapa. Sheria ya Kenya nayo huuliza vivyo hivyo, na nchi nyingine nyingi. Mkaazi hutozwa kodi ya mapato yake ya dunia nzima, na kiwango cha makampuni kwetu ni asilimia 30. Kisha akanitajia nchi ambazo Tanzania imefunga nazo mikataba ya kuepusha kodi mara mbili: Denmark, Finland, India, Italia, Kanada, Norway, Afrika Kusini, Sweden, Zambia. Estonia haimo. Finland imo, nayo iko ng'ambo ya ghuba, kilometa kama 80 tu kutoka Tallinn. Mzee hakuniona mjanja wala mwizi. Alisema tu, "Umesajili huko. Unaendesha hapa. Sasa tuipange."

Tuliipanga, polepole, na bado tunaipanga. Kuna mambo ya faida na gawio ambayo kila nikidhani nimeyamaliza huibuka upande wa pili, kwa sababu Tanga inadai faida inapopatikana na Tallinn inadai siku nitakapoigawa. Sitayamwaga hapa. Kilichobaki nami ni lile swali la sheria, ambalo nililipokea kama swali la kodi na likageuka kuwa kubwa kuliko kodi: uamuzi unafanyika wapi?

Nilianza kujitazama nikiamua. Ni jambo la ajabu kulifanya, maana maamuzi mengi ya kazi ya mtu mmoja hayana kikao wala muhtasari. Hupita kati ya kikombe kimoja cha chai na kingine. Nilitaka kuona kama kweli kuna chochote katika kampuni hii kinachoamuliwa Tallinn. Huko barua hupokelewa, tena kwa uaminifu. Huko ripoti huhifadhiwa. Lakini bei ninayoitaja inatokana na gharama za maisha ya hapa. Saa ninazokubali kufanya kazi zinatokana na kukatika kwa umeme na kurudi kwake. Hata kazi ninazozikataa nazikatalia hapa.

Kuna moja iliyonifunza hili kwa karibu. Kampuni moja ilinipa kazi ya kutafsiri programu ya mikopo ya simu, malipo mazuri, muda wa kutosha. Nilikuwa nimeshaikubali moyoni. Nilipofungua faili nikakuta ujumbe wa vikumbusho: mkopaji akichelewa, ujumbe unakwenda kwake, akichelewa zaidi, unakwenda kwa watu walio kwenye orodha ya namba zake. Mama mmoja wa mtaa wetu alipitia hayo. Namba za simu yake zilipata ujumbe wa kumuumbua, mpaka kwa mwalimu wa watoto wake na kwa mawifi zake, kwa deni ambalo thamani yake haifikii gunia la mchele. Alikaa ndani siku nyingi. Baadaye, Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mimi kazi hiyo nilikuwa nimeshairudisha. Sikuirudisha kwa kuijua sheria. Niliirudisha kwa sababu nilijua nitakutana na yule mama bombani, na kwamba Kiswahili chenye ukali na adabu kwa pamoja, kile kinachochoma, mimi ningekiandika vizuri sana.

Nikajiuliza: wakati ule, kichwa cha kampuni kilikuwa wapi? Kama ningekuwa natafsiri nikiwa mahali ambapo simjui mtu, je, ningeikataa? Ningependa kusema ndiyo. Sina hakika. Inawezekana kwamba usimamizi na udhibiti, ambao sheria huutafuta ili kutoza kodi, mara nyingine ni kule tu ambako mtu anaweza kuonewa haya. Inawezekana pia kwamba nalipamba jambo la kawaida. Kuna waliohama wakabaki waadilifu, na kuna walio nyumbani wanaoziandika jumbe hizo bila kupepesa.

Mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa kaka, alinipigia simu akiwa na furaha. "Shangazi, nimekuona!" Alikuwa ameingia kwenye rejista ya Estonia, ambayo iko wazi kwa yeyote bila malipo, akaandika jina la kampuni, akakuta ripoti zangu za mwaka: mapato, gharama, kilichobaki. Nilihisi damu inanipanda. Kwetu mtu hata mshahara wake haulizwi hadharani, na huyu kijana alikuwa ananisomea faida yangu akiwa kwenye daladala. Nilitaka kumkemea, nikakosa kosa lake. Nilichokitafuta miaka ile ni kuonekana, na huku ndiko kuonekana kwenyewe. Tangu hapo naziandika hesabu nikijua kwamba yumo msomaji mmoja ninayemjua, na sidhani kama zimeharibika kwa hilo.

Yeye hutengeneza picha mwendo za matangazo, ana kipaji, na amesikia vijana wakiuza mafunzo ya kufungua kampuni Ulaya au Marekani ili usilipe kodi popote. Alitaka nimsaidie. Nilijibu kwanza kwa mambo ya juujuu, kama watu wazima tunavyofanya tukibanwa. Nikamwambia njia ya Estonia ni ya kweli na si ya utapeli, kwamba imenilipia bili, kwamba wateja walionikataa nikiwa mtu binafsi walinirudia nikiwa kampuni, na kazi ilikuwa ileile. Nikamwambia pia kwamba hakuna kampuni itakayomwondoa pale alipokaa, na kwamba kabla ya kumlipa mtu wa Tallinn amlipe mhasibu wa hapa saa moja ya maswali. Alinisikiliza kwa subira ya kijana anayengoja shangazi amalize.

"Kwa hiyo nifungue au nisifungue?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Kadi hizi hudumu miaka mitano. Yangu inakaribia mwisho, na kuipata nyingine ni kuomba upya, kulipa, kusafiri, kutoa vidole tena. Naweza kuendelea. Naweza pia kuifunga kampuni, nikasajili hapa, nikawaandikia wateja kwamba sasa jina langu lina anwani ninayoifahamu, na nione wangapi watabaki. Kuna siku naona kuendelea ni uoga, na kuna siku naona kufunga ndiko kungekuwa majivuno, yale yale ya zamani yaliyogeuza upande wa kofia.

Mwisho nilimpa mpwa wangu maswali mawili, ayajibu kwa kalamu na karatasi kabla hatujaongea tena. La kwanza: wateja wako ni nani, na ni kipi hasa wanachokunyima leo kwa sababu huna kampuni? La pili lilinitoka bila kulipanga. Nilimuuliza, siku ukiugua usiweze kushika kalamu, au ukifa, nani atatia saini? Kwa maana ile namba ya pili ni ya mtu mmoja, haikopeshwi wala hairithiwi. Kadi hufa na mwenyewe, kampuni hubaki, na warithi wako Tanga wakiwa hawajui hata jina la nchi vizuri, wataanza kutafuta mlango wa mahakama isiyosema lugha yao.

La kwanza alilijibu wiki hiyo hiyo, kurasa mbili, na lilikuwa jibu zuri. La pili aliliacha wazi, akaniandikia pembeni: "Wewe je, shangazi?" Nami sijamjibu.